Safu ya Pili ya Kadi

Fundi saa alikuwa na miaka hamsini na minane siku alipoingia ofisini kwangu kuuliza habari za handikapu, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefungwa plasta. Nikajua papo hapo kwamba bado ni mwanafunzi. Anayejua gofu hashiki fimbo kama anayekaba mwizi.

Mimi ni karani wa klabu. Nina dawati, kabati la chuma lenye droo nne, na mbele yangu ukuta mzima wa ubao uliotundikwa vibao vidogo vya majina. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa wa kushughulika na kadi za watu. Wanasema nina roho ngumu, na wengi wanaosema hivyo ni wale waliowahi kuniletea kadi isiyo na saini wakitegemea tabasamu. Tabasamu napokea. Kadi natupa.

"Dada Karani," alisema, "nataka jina langu likae pale."

"Kila mtu analitaka pale, Fundi. Handikapu haiombwi kama maji ya kunywa."

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote. Handikapu ni namba inayosema unahitaji mapigo mangapi zaidi ya mchezaji hodari ili uumalize uwanja. Hodari wetu anamaliza mashimo kumi na nane kwa mapigo sabini na mawili. Wewe ukimaliza kwa mia na ushee, tofauti hiyo ndiyo tunayoikadiria, na ukishapewa namba yako rasmi unaweza kushindana na yeyote bila kuona haya. Unaleta kadi tatu. Kila kadi ni ya mashimo yote kumi na nane, si kumi na saba, na mapigo yako yanaandikwa na mtu mwingine aliyetembea nawe mwanzo mpaka mwisho. Yeye anasaini, wewe unasaini, mimi nakagua. Fundi rangi anaandika kibao, nakitundika. Kisha kibao kinabaki maadamu unaleta walau kadi moja ndani ya miezi kumi na miwili. Ikipita miezi hiyo, nakishusha. Sibagui mtu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanyoosha kidole chenye plasta akagusa kibao kimoja cha mstari wa tatu. "Si popote pale," alisema. "Hapa, ubavuni mwake."

Kilikuwa kibao cha mkewe, handikapu ishirini na tisa. Sote tulimwita Mwalimu, maana alifundisha jiografia sekondari, na hata uwanjani alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kupiga, kama anayetaka darasa litulie aite majina. Alicheza hapa miaka ishirini. Mwaka uliopita, kwenye shimo la kumi na nne, aliinama kuuokota mpira wake na hakuinuka. Moyo, walisema madaktari. Miezi yake kumi na miwili ingekwisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na siku ile Fundi alipokuwa amesimama mbele yangu zilibaki siku ishirini na nne.

"Nikiipata kabla hujakishusha," alisema, "tutakaa pamoja hata kama ni siku moja. Nilimwahidi."

Nilimwambia siku ishirini na nne kwa kadi tatu ni jambo linalowezekana, ila akumbuke kwamba Ijumaa ni Ijumaa. Baada ya kutoka nilikereka. Sipendi watu wanaonipa sababu nzuri.

Kibanda chake nilikifahamu. Kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, kati ya duka la dawa na mashine ya fotokopi, na ukiwa mrefu lazima uinamishe kichwa. Ndani kuna meza yenye ukingo ili skrubu zisidondoke, taa ya shingo ndefu, na saa za ukutani ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, kwa hiyo anaishi kwa kubadilisha betri na mikanda. Lakini sikio lake ni lile lile. Unaweza kuingia na saa mfukoni, yeye hajainua macho, akakwambia, "Hiyo inachelewa." Jina la utani wanamwita Dakika, kwa sababu jibu lake kwa kila kitu ni, "Nipe dakika."

Hilo ndilo jibu alilompa na mkewe. Kila Jumamosi Mwalimu akibeba mkoba wake wa fimbo alimwambia, "Twende walau utembee nami." Naye akasema, "Nipe dakika, nikistaafu." Mbele ya wageni alikuwa akiuita mchezo ule kufukuza yai kwa fimbo, watu wakavunjika mbavu, na Mwalimu akacheka pamoja nao. Haya alinisimulia mwenyewe bila kuulizwa. Nilitegemea ataniambia na saa ya mkewe ilisimama dakika ile ile aliyoanguka, kama watu wanavyopenda kutia chumvi. Akasema haikusimama. Iliendelea miezi minne, ikaisha betri, na yeye ambaye ana betri droo nzima akaiacha hivyo.

Alijifunza kwa fimbo za mkewe. Mwalimu alikuwa mfupi na yeye ni mlingoti, basi akipiga anainama kama anayetafuta skrubu iliyoanguka. Binti yao alinikuta siku moja dukani akanishika mkono. "Shangazi, tusaidie na baba. Anapiga mipira sebuleni. Kioo cha kabati kimekwenda, na sasa jirani ameficha maua yake." Nikamwambia asubiri, mzee atachoka. Miezi kumi ilipita na hakuchoka.

Shida ilikuwa mtu wa kumwandikia kadi. Nani atatembea muda wa saa tano juani na mwanafunzi anayeupeleka mpira kushoto, kulia na nyuma? Wanachama walianza kukumbuka miadi ya daktari wa meno. Ndipo akapatikana Mkunga.

Huyu alikuwa mkunga mstaafu, amehamia mjini mwezi wa tatu kukaa kwa binti yake. Huko alikokuwa akifanya kazi alicheza gofu miaka thelathini. Sasa mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, daktari anaogopa kumpasua kwa sababu ya sukari, kwa hiyo anaona mwanga na kivuli na penseli iliyo karibu na pua yake, basi. Nilipomkatalia alinicheka.

"Mwanangu, mimi nimehesabu mapigo ya moyo ya watoto ambao hata mama zao hawajawaona. Nitashindwa kuhesabu mtu mzima anayepiga mpira kwa chuma?"

Nikamjaribu. Nilimsimamisha nyuma ya ofisi nikampigia mipira saba, miwili kati yake niliigusa kidogo tu kwa makusudi. Akasema saba, akaniambia na ipi nimeigusa kwa hila. Kanuni hazisemi anayeandika awe na macho. Zinasema awe mwaminifu. Nikamkubali.

Walicheza Jumanne, kwa sababu Jumanne uwanja ni mtupu. Wakata nyasi wanamaliza saa nne asubuhi na wachezaji wako makazini. Kuanzia saa tano jua linasimama utosini, upepo unakata, na bendera zinaning'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Ukimya wake si wa kupumzisha. Mara nyingi mimi hufungua redio.

Kadi ya kwanza ililetwa saa kumi alasiri. Mapigo mia na thelathini na moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya zaidi. Saini mbili zipo, hesabu sawa. Halafu nikaona safu ya pili.

Kadi yetu ina safu mbili. Ya kwanza ni ya mchezaji. Ya pili ni ya yule anayeandika, aweke mapigo yake mwenyewe kama naye anacheza. Kama hachezi, anaiacha wazi. Mkunga alikuwa ameijaza yote, shimo la kwanza mpaka la kumi na nane, kwa mwandiko wake mkubwa wa kupapasa. Jumla mia na nne.

"Mama," nikamwambia, "safu hii ni ya anayecheza. Wewe umecheza?"

"Nicheze na macho haya? Hiyo ni ya mwenzake."

"Mwenzake yupi?"

"Aliyekuwa naye. Mimi sikuuliza jina. Ukishika kadi huhoji watu, unaandika."

Nikamtazama Fundi. Alikuwa anafuta fimbo kwa kitambaa, taratibu, kama hajasikia. Nikasema moyoni, bibi ameanza kuchanganyikiwa na mzee anamwonea haya. Nikapiga mstari mwekundu juu ya safu ya pili, nikaipokea ya kwanza, nikawaaga.

Jumanne ya pili, mia na ishirini na sita. Na safu ya pili tena, mia na tatu.

Safari hii nilipandisha sauti. "Mama Mkunga, nilikukataza! Kadi si daftari la hadithi."

"Usinipigie kelele, mwanangu, macho ndiyo mabovu, masikio mazima." Alijikalisha kwenye kiti bila papara. "Kulikuwa na mtu mwingine. Hatembei mbali nasi. Akifika zamu yake anakohoa kidogo hivi, halafu anapiga, mpira unasafiri vizuri kuliko wa huyu baba, samahani baba. Shimo lile lenye bwawa aliutia majini mara mbili, akapumua kwa hasira. Na fimbo ni zile zile, nimezisikia. Wanaazimana."

"Kuazimana fimbo ni marufuku," nikasema. Ndicho kitu pekee kilichonijia kinywani.

Walipoondoka nilifunga mlango. Nilivuta droo ya tatu, nikatoa bahasha ya Mwalimu, nikazipanga kadi zake za mwaka wake wa mwisho mezani, na kati yake nikaweka zile mbili za Mkunga. Shimo la sita, lenye bwawa: tisa, tisa, nane, tisa. Kwa Mkunga: tisa, tisa. Shimo la kumi na moja, ambalo wengi wanaliharibu, Mwalimu alikuwa bingwa wake: tatu, tatu, nne, tatu. Kwa Mkunga: tatu, tatu. Niliendelea mpaka shimo la kumi na nane, na namba zililingana. Bibi huyu alihamia hapa miezi sita baada ya mazishi. Hakuwahi kumwona Mwalimu wala kumsikia. Mwili ulinisisimka, saa kumi na moja ya alasiri, jua likiwa bado dirishani na redio ikitangaza bei ya saruji.

Ningeweza kujitia hamnazo. Lakini mimi ni karani, na kadi ikinitatiza naenda kuangalia mwenyewe. Jumanne ya tatu, siku tatu kabla ya Ijumaa ile, nilivaa kofia nikatembea nao.

Nilitazama kwa macho mawili mazima na niliona mtu mmoja anacheza. Fundi alipiga, mpira ukaenda kichakani, akaufuata. Mkunga alitembea na fimbo yake nyeupe, kadi ikining'inia shingoni kwenye kamba. Walipomaliza shimo la kwanza Fundi alimsogelea bibi, akainama, akauliza kwa sauti ya chini. Nilidhani anauliza mapigo yake.

"Amepata ngapi?"

"Sita," alisema Mkunga.

"Sita," akarudia Fundi, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za nyumbani.

Kumbe alijua tangu kadi ya kwanza. Nilimvuta kando nikamuuliza anasikia nini. Akanitazama, na sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukikosa pa kujificha namna ile.

"Sisikii kitu, Dada. Mimi naisikia saa iliyo mfukoni mwa mtu barabarani, lakini hapa sisikii kitu. Kila shimo natega sikio. Mama anasikia, mimi sisikii. Ndiyo maana namuuliza."

Nikamwachia mkono.

Tuliendelea. Shimo la sita Mkunga aliandika tisa. Shimo la kumi na moja, hasira zikanipanda, hasira za woga, nikasema wacha nilimalize jambo hili. Lile ni shimo fupi. Ukisimama pa kuanzia unaiona bendera mbele yako. Fundi alipiga, mpira ukaangukia mchangani. Nikafumba macho.

Mwanzoni nilisikia damu yangu masikioni. Halafu nyasi, upande wangu wa kushoto, zikibonyea chini ya kiatu, hatua mbili, tatu, zikasimama. Fimbo ikachomolewa mkobani upande huo huo, na mkoba ulikuwa begani kwa Fundi, upande wangu wa kulia. Kikohozi kidogo. Nilisubiri miaka ishirini ikapita katika pumzi moja. Kisha mlio mmoja, safi, wa mpira uliopigwa katikati, na baada yake kimya kirefu, na mbali kule mbele kitu kidogo kikadunda mara moja kwenye nyasi fupi.

Nilifumbua macho. Bendera ilining'inia. Hakukuwa na mpira wowote ila ule wa Fundi mchangani.

"Umesikia?" Mkunga aliniuliza, hajanigeukia hata.

"Nimesikia."

Fundi alinitazama mimi, akamtazama bibi, akatazama chini. Hapo niliuona wivu usoni mwake, na nilimwonea huruma kuliko siku ya mazishi.

Sikufumba macho tena. Sikuwa na ujasiri huo. Lakini hata nikiwa nimeyatoa macho nilijikuta nakwepa upande wa kushoto, nisimkanyage mtu.

Shimo la kumi na nne linapanda kilima kidogo na nyasi fupi za kuzunguka shimo ziko juu kabisa, kama meza. Fundi alifika kwa mapigo saba. Alikuwa anacheza vizuri kuliko siku zote. Nilikuwa nimejumlisha kichwani nikaona akitulia hivi, kadi hii itampa namba ya kujivunia. Aliutia mpira shimoni. Akamsogelea Mkunga kama kawaida.

"Amepata ngapi?"

Mkunga alikuwa amekiinamisha kichwa upande, penseli iko hewani. Ndege hakulia, jani halikutikisika.

"Amesimama," alisema hatimaye. "Ameweka kitu chini, mkoba nadhani. Sasa ameketi."

Sikuwa nimemwambia. Fundi hakuwa amemwambia. Nilimtazama Fundi na midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu. Mahali alipokuwa amekanyaga ndipo walipomkuta mkewe.

"Anasema nini?"

"Hasemi, baba. Anapumua tu, kama mtu aliyefika."

Fundi akauteremsha mkoba begani, akaulaza nyasini. Halafu akaketi na yeye, pale pale juani, miguu mirefu ameikunja, na akaweka kiganja chake chini kando yake. Nilielewa anachotaka. Hakutaka kuondoka pale hata hatua moja.

Na mimi nilijua kitu kingine, na nakiri nilijichukia kwa kukijua. Yalibaki mashimo manne. Bila manne yale kadi ni batili. Jumanne nyingine ingekuwa baada ya Ijumaa, na siku zilizobaki uwanja umekodiwa kwa mashindano. Ama angeketi pale, ama angekuwa na jina ubaoni kando ya jina la mkewe. Vyote viwili asingepata.

"Fundi," nikasema.

"Nipe dakika, Dada."

Nilimpa. Nilimpa nyingi. Kivuli cha bendera kilihama kutoka kiatu chake cha kulia kikafika cha kushoto. Hakulia. Aliketi ametega sikio, shingo ameinyoosha kama anavyoketi kibandani mbele ya saa iliyofunguliwa, akisubiri walau mdundo mmoja. Miaka ishirini aliitwa atembee, na sasa alikuwa amekuja, na hakuna aliyemwita.

Ni Mkunga aliyeinuka. Alimpapasa begani mpaka akaupata mkono wake. "Inuka, baba. Kadi haijaisha."

"Nikiondoka, atabaki peke yake."

"Yeye hakuketi kwa kuchoka. Nimekaa na wanaokuja na wanaoondoka maisha yangu yote, naijua pumzi ya aliyechoka. Huyu amemaliza. Wewe ndiye una mashimo manne."

Fundi aliangalia pale chini, kando ya kiganja chake, kwa muda. Kisha akainuka, goti moja, halafu la pili, akachukua mkoba. Mkunga akaweka penseli kwenye safu ya pili, chini ya shimo la kumi na tatu, akachora mstari mmoja wa kulala.

Mashimo manne ya mwisho Fundi aliyacheza bila kumwuliza mtu chochote. Alipiga, akatembea, akapiga. Mara mbili alisimama akageuka nyuma kuangalia kilima, kisha akaendelea. Sijui kama alikuwa anaona mpira vizuri, maana machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. Jumla ilikuwa mia na kumi na saba.

Ofisini nilichukua kadi iliyo bora kati ya tatu, nikapunguza kama kanuni inavyotaka. Handikapu arobaini na tatu. Nilimpa mkono. Vidole vyake havikuwa na plasta tena, vilikuwa vimeota sugu.

Ijumaa alikuja saa tatu asubuhi, shati limepigwa pasi. Kibao chake kilikuwa bado hakijaandikwa, maana fundi rangi wetu huja Ijumaa tu. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti na kopo lake akisubiri neno langu. Nami nilikuwa na neno lililoninyima usingizi. Nilifunga mlango nikasema jambo ambalo katika miaka kumi na tisa sijawahi kumwambia mtu.

"Fundi, nina kadi mbili za mkeo, zile za safu ya pili. Zimekamilika, mashimo kumi na nane kila moja, na mwandishi amesaini. Nikiziingiza, kibao chake hakishuki. Mtakaa pamoja mwaka mwingine mzima. Mstari mwekundu niliouchora mimi, naufuta mimi."

Akazichukua kadi mkononi. Akazisoma, shimo kwa shimo, kama anayesoma barua. Nilikuwa namwombea akubali.

"Hakusaini, Dada," alisema. "Mwalimu hakuwahi kuleta kadi ambayo hakuisaini." Akazirudisha mezani akazinyoosha zilingane kingo. "Kishushe."

Nilikishusha mwenyewe. Kilikuwa chepesi, mbao tu, na nyuma yake hakikuwa na rangi. Fundi alikigeuza, akakipapasa upande ule mtupu kwa kidole gumba.

"Jina langu liandikwe huku," alisema. "Ubaoni langu litazame watu. Lake litazame ukuta."

Hakuna kanuni inayosema kibao kiwe kipya. Nilitafuta, na nashukuru sikuiona. Fundi rangi aliandika, tukasubiri rangi ikauke, nikakitundika mstari wa tatu, mahali pale pale. Fundi alisimama mbele yake dakika kadhaa mikono nyuma. Halafu akaenda kufungua kibanda.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jumanne iliyofuata, saa kumi, akaingia na Mkunga. Alikuwa amecheza tena, bila mtu kumlazimisha, bila tarehe yoyote kumkimbiza. Aliniwekea kadi mezani lakini kidole hakukitoa juu yake, na hakuuliza amepata jumla ngapi. Aliigeuza polepole ielekee kwake, akaangalia safu ya pili.

Ilikuwa nyeupe, juu mpaka chini.

Mkunga alikuwa amesimama mlangoni, fimbo yake nyeupe imeegemea paja. "Nilisikiliza, baba," alisema. "Nilisikiliza mashimo yote kumi na nane."